Wale wanene watano wa mbele

Jumapili, Novemba. Theluji ilianza asubuhi na bado inadondoka. Timu yetu ya futiboli ya Kimarekani imepigwa tena.

Nimechomoa simu ili kompyuta ipate laini ya mtandao, kwa hiyo anayenitafuta sasa hivi hanipati. Nakiri kwamba hilo limenifaa.

Mechi tumeitazama mjini Fridley, kwa Baraka, rafiki yangu Mkenya, kama kawaida yetu baada ya ibada. Kufikia robo ya pili sote tulikuwa makocha. Kwotabeki wetu, ambaye kazi yake ni kurusha mpira, aliangushwa karibu kila alipoinua mkono.

"Huyu ni bure kabisa," Baraka alisema. "Anashika mpira ni kama amepewa mtoto wa wenyewe."

Mimi nilimwita gunia. Tangu Ijumaa nilikuwa natafuta mtu wa kumtukana.

Halafu Wanjiru, ambaye tunasali naye, akaingia na chapati.

Habari za Ijumaa sijaziandika, basi niziandike. Wanjiru ni msaidizi kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, Saint Louis Park, na mimi ndiye nesi kiongozi wa zamu yake. Jumatano bibi mmoja alianguka bafuni. Hakuumia sana, ila familia ililalamika. Kwenye kikao cha Ijumaa, ambacho Wanjiru hakuitwa, msimamizi aliuliza ilikuwaje bibi akaachwa peke yake. Jibu nilikuwa nalo. Wanjiru alikuwa na korido nzima peke yake, kwa sababu mwenzake nilimhamishia ghorofa ya juu mimi mwenyewe. Niliinamia makaratasi yangu.



Wanjiru ameambiwa akae nyumbani, uamuzi atapewa kesho saa mbili asubuhi. Na leo sahani ya kwanza alinipa mimi.

"Brother Elia, asante. Najua ulinitetea huko kwa meeting. Kama si wewe, wangekuwa washanifuta kazi."

Nikamwambia asijali. Ndivyo nilivyomjibu, na uso mkavu.

Akakaa kutazama nasi, ingawa mchezo huu haujui. Baada ya muda akauliza wale wanene watano waliopangwa mbele ya kwotabeki kazi yao ni ipi.

"Ni kum-protect," Baraka akamjibu.

"Na ndio hao wanapitwa hivyo?"

"Kila saa."

"Sasa mbona mnamtusi yeye?"

Baraka alicheka, akasema ndiye anayeonekana kwenye TV. Mimi nilichukua chapati nyingine. Zilikuwa laini, zimeiva vizuri. Nilikula tatu.

Naona aibu. Naogopa pia, maana nikisema ukweli barua ya onyo itakuja kwangu, na cheo chenyewe nimekipata juzi tu. Wanjiru ana watoto wawili na hii ndiyo kazi yake ya pekee.

Nikiwa njiani kurudi nilijiahidi nitazungumza na msimamizi kesho kazini. Kesho zamu yangu inaanza saa tisa alasiri. Nilipokuwa najiahidi nililijua hilo vizuri.

Namba ya nyumbani ya msimamizi imebandikwa kwenye friji yangu tangu nipandishwe cheo, kwa mambo ya dharura. Sasa ni saa kumi na moja jioni, bila shaka yuko nyumbani. Sijui nitaanzaje.

Nazima kompyuta, narudisha waya wa simu.