Hereni za Mama

Lahaina, Jumapili

Wifi Perlita,

Mimi na kaka yako wazima. Tangu mji uungue tunaishi hotelini, chumba kilekile nilichokuwa nikikisafisha. Sasa shoga yangu Nenita ndiye anayenitandikia kitanda, na kunitania: "Bibie, leo unataka mito mingapi?"

Picha za ubatizo huko Laoag nimeziona. Umependeza. Hizo hereni za lulu, moja imepasuka ukingoni, zimefanana mno na za marehemu mama yangu. Lile boksi alilokutumia kaka yako wiki moja kabla ya moto lilikuwa na nini? Nauliza tu.

Maana nilichekecha majivu ya nyumba siku tatu nikizitafuta hereni hizo alizoniachia mama, na kaka yako ndiye aliyenishikia chekeche.

Wifi yako,
Saturnina