Jibu la Mkokoteni

Jumanne, Kathonzweni

Nimeomba njia ya kufanya hesabu, nikatumiwa jibu! Mutua, tunayesoma naye uhandisi mwaka wa kwanza, amepiga picha hesabu yake ya mkokoteni akaniandikia, "Kopi tu, Mwende." Nikopi, halafu Ijumaa kwenye mtihani nikopi kwa nani? Nikifeli tena, narudia mwaka mzima.

Nimeifuta. Nimechora mkokoteni wetu wa punda. Hapa kila mtu anajua ukipanga mitungi ya maji yote nyuma ya ekseli, kile chuma cha magurudumu, mkokoteni unamwinua punda. Basi nikahesabu mizigo ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake.

Jibu langu si la Mutua. Yeye, nakumbuka kwenye picha, ameweka mizigo yote upande mmoja! Nimempigia, nikamweleza kosa lake.

"Kumbe! Si unitumie yako?"

"Situmi. Chukua kalamu, tuanze na punda."