Ngoma ya Dorah Yashuka Ziwani

Jumapili, 20 Julai 2025

Baridi kali. Ukungu uliingia mpaka ndani ya kapela ya shule, watoto wanaimba na mvuke unawatoka midomoni. Walikuwa wachache. Tangu binti yangu Dorah afariki, Agosti mwaka jana, kikundi cha kapela kimekuwa kama moto wa magunzi — unawaka, unazima.

Wanaimba bila ngoma. Loveth wa kidato cha pili ndiye anayeshika mapigo, kwa ndoo ya plastiki ya bwenini. Goodluck, mwenyekiti wao, alimtania wakati wa kutoka: Loveth, Mungu akisikia hiyo ndoo atadhani tunateka maji. Loveth akamjibu kwamba ndoo yake angalau inafuata mapigo, tofauti na besi ya mwenyekiti. Nilicheka. Halafu nikaona aibu kidogo kwa kucheka.

Jioni Goodluck alikuja mlangoni kwangu. Shikamoo matroni, marahaba mwanangu. Akazunguka weee. Mwisho akasema: sikukuu ya Nane Nane wanataka kushuka ziwani, upande wa Liuli, kueneza injili. Mwaka jana safari haikufanyika — mwaka jana tulikuwa msibani. Mkuu wa shule ameridhia, ila wasichana hawatoki bila matroni.

Nikasema nitakwenda.

Hakuuliza kuhusu ngoma ya Dorah. Lakini macho yake yalipanda juu ya kabati, yakashuka haraka.

Iko pale. Othmar, mume wangu, aliichonga mwenyewe kule shambani kwetu Matiri, Dorah alipoingia kidato cha kwanza. Watu walisema, mtoto wa kike na ngoma wapi na wapi. Dorah akapiga Jumapili ya kwanza tu, wakanyamaza wote. Katikati ya ngozi kuna weusi wa viganja vyake, viwili, cha kulia kimekolea zaidi. Jasho lake lile. Mtu mwingine akipiga, utafutika.

Jumatano, 30 Julai 2025

Mazoezi kila jioni. Wameongezeka! Hata wale wa kidato cha nne waliokuwa wanajifanya wana masomo.

Goodluck ameandaa mahubiri. Baba yake ni bwana shamba kutoka Kilimanjaro, kahamishiwa hapa Mbinga, na mtoto ana Kiswahili cha kunyoosha kama redio. Atahubiri juu ya wavuvi walioacha nyavu zao. Kaniuliza, matroni, si inafaa kwa watu wa ziwani? Nikamwambia naona inafaa.

Nimempigia Othmar. Yuko na kahawa, inaiva kwa fujo mwaka huu, vibarua hawapatikani. Nikamweleza safari. Akauliza, ngoma inakwenda? Nikasema sijui. Nikasikia anatema kitu, nadhani ganda la kahawa — ana tabia ya kunyonya zile nyekundu. Kisha akasema: Hildegardi, mimi nilitengeneza ngoma, sikutengeneza picha ya ukutani.

Nilikasirika. Nikakata simu. Baadaye nikampigia tena kumuuliza kama amekula.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Nimeishusha ngoma. Nimeifuta vumbi pembeni tu, katikati sikugusa. Nimeifunga kwa kitenge cha njano, kile Dorah alichokuwa anajifunga akitoka kuoga.

Ninaibeba. Sijasema itapigwa.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Tumefika salama. Gari la shule liliteremka milima kona kwa kona, wawili walitapika, wengine wanaimba. Kila tukishuka joto linapanda, masweta yanavuliwa moja moja. Kisha ziwa likatokea chini, bluu yote. Loveth hajawahi kuliona. Akauliza kwa sauti ndogo, na ng'ambo ile ni nchi ya watu?

Ngoma nilikuwa nimeipakata. Hakuna aliyeuliza ni nini. Kitenge kinaonyesha umbo lote.

Tumefikia kwenye kambi ya wavuvi, kabla hujafika Liuli yenyewe. Wenyeji ni Waanglikana, sisi wengi Wakatoliki, Goodluck Mlutheri — katekista wa hapa, mzee Elias, alisema ugali hauulizi dhehebu. Ugali wenyewe wa mihogo. Watoto wetu wa milimani hawajauzoea, unavutika, wakawa wanautazama. Binti mmoja wa hapa, Beata, akawaambia: msitafune, uambieni kwaheri tu uende. Wameshakuwa marafiki.

Baada ya chakula Goodluck na wavulana walitafuta mahali pa mkutano. Wakarudi wamefurahi. Wamepata uwanja ufukweni, mchanga umefagiliwa safi, hakuna jani. Goodluck akasema, Bwana ametutangulia, hata kufagia amefagia. Wakahamisha mabenchi na spika kabla ya kulala, asubuhi wasihangaike.

Mimi nilihisi tu kwamba uwanja uliofagiliwa una aliyeufagia. Sikusema. Ugenini mtu unanyamaza.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Niandike polepole, mikono inanuka na kichwa kimejaa.

Jua lilikuwa bado halijatoka vizuri, nikasikia makelele ya akina mama. Nikatoka. Mitumbwi imerudi na usipa, dagaa wa ziwa hili, mabeseni kwa mabeseni, wanang'aa kama sindano. Na wanawake wamesimama na mabeseni vichwani wakitazama mabenchi yetu.

Uwanja ni kianikio chao! Wanaufagia jioni ili alfajiri watandaze nyavu kuukuu juu ya mchanga safi na kuanika usipa. Wakichelewa, usipa wanaoza. Na sisi tumeukanyaga wote kwa viatu.

Mbele yao alikuwa mama mmoja mnene, Mama Luisa, ndiye kiongozi wao. Akauliza: nani kajenga kanisa kitandani kwa samaki? Goodluck akaanza kueleza, kwa kile Kiswahili chake, kwamba sisi ni vijana tulioletwa na Neno. Mama Luisa akamwacha amalize. Kisha akasema, Neno limekaribia, baba, lakini usipa wangu nao wanakaribia kunuka, tuanze na nani?

Hapo nikajua ni zamu yangu. Nikaenda, nikapiga goti, nikamwamkia ingawa nadhani tunalingana umri. Nikamwambia, dada, hawa ni wanangu, wametoka kwenye kahawa, hawajui samaki anaanikwaje. Wape ufagio.

Akanitazama. Akasema, ufagio upo.

Basi. Mabenchi yaliondoka mbio. Wakafagia upya, wakatandaza nyavu, wakainama kutawanya usipa mmoja mmoja wasilaliane. Wasichana wetu walianza kwa kushika kwa vidole viwili. Beata akawacheka mpaka akakaa chini. Spika ilibaki imeegemezwa kwenye mtumbwi. Kuna aliyetaka kuiwasha, Mama Luisa akamwambia aiache, samaki hawana masikio na sisi tuko hapa hapa.

Wakaanza kuimba wakiwa wameinama. Ilipendeza. Lakini ufukwe ni mrefu, huku wanaanza mstari, kule wanamaliza mwingine. Loveth akapiga beseni, halikusaidia.

Mama Luisa akauliza: watu wa kanisa, ngoma yenu iko wapi?

Wote wakainamia usipa. Hakuna aliyenitazama — na kule kutonitazama nilikuona kuliko macho yoyote. Loveth ndiye aliyejibu: mama, ngoma hatuna.

Mtoto aliyekuja kuhubiri injili, amedanganya. Kwa ajili yangu.

Nilinawa ziwani. Nikaenda chumbani, nikafungua kitenge, nikarudi nayo. Nikampa Loveth.

Akapiga mara moja, ikatoa sauti kama godoro. Unyevu wa ziwa umeilegeza usiku. Kwetu tungeipasha motoni jikoni. Mama Luisa akaigonga kwa ukucha, akasema, imelala hii, ianikeni. Akasogeza usipa kwa mkono, akatengeneza nafasi, ngoma ya Dorah ikaanikwa katikati ya samaki. Nilikaa pembeni yake kufukuza kunguru, wao wamalize kazi.

Jua lilipokolea, ngozi ikajikaza. Niliisikia — ilitoa mlio mdogo, tik, kama bati.

Loveth akaichukua. Akawa anapiga pembeni, kwenye ukingo, anazunguka zunguka ile alama kama mtu anayekwepa kaburi. Haikusema kitu. Akanitazama. Nikamwambia, piga katikati, mwanangu.

Akasema, matroni, mikono yangu ina magamba.

Nikamwambia piga.

Akapiga! Ee Mungu wangu. Ufukwe wote ukainuka. Mapigo ni yale yale ya Dorah, kumbe alikuwa anakaa nyuma yake muda wote ule anayakariri. Akina mama wakaacha nyavu. Watengeneza mitumbwi wakaja, wavuvi waliokuwa wamelala baada ya kazi ya usiku wakatoka na mashuka mabegani. Kule mwisho wa ufukwe na huku, mstari mmoja. Mama Luisa akacheza na beseni kichwani, na lilikuwa na samaki, na hakudondosha hata mmoja.

Watu walipokaa chini, Goodluck akasimama, akasema atazungumza juu ya wavuvi. Wakaguna wote. Mama Luisa akamwambia: mwanangu, kila anayeshuka kutoka huko juu anatuhubiria wavuvi. Tunawajua wavuvi, tumeolewa nao. Leo tuhubirieni kahawa.

Kicheko mpaka ziwani. Na huyu Goodluck, mwenye majivuno yake — ndiyo maana nampenda — akacheka naye, akakunja karatasi yake, akasema, Loveth, kwenu ni Matiri, kwenye kahawa, simama wewe.

Loveth akasimama na ngoma shingoni. Akasema kahawa haiivi siku moja. Baba yake anachuma nyekundu, za kijani anaziacha. Akipita tena zingine zimeiva. Anaurudia mti ule ule, haukati, hautukani. Akasema yeye mwenyewe ni ya kijani bado, lakini anamwona Mungu anapita pita. Basi, akakaa.

Nilimtazama Mama Luisa. Akasema taratibu, hiyo nimeielewa.

Vijana wa hapa kumi na kitu walibaki baada ya sala, wanauliza maswali. Mpaka jua linazama walikuwa bado wanauliza.

Nimeitazama ngozi sasa hivi. Magamba ya usipa yamegandia katikati, yanang'aa, juu ya weusi wa viganja. Inanuka samaki. Nilidhani nitalia. Nilikumbuka tu jinsi Dorah alivyokuwa anaficha dagaa mfukoni mwa sketi ya shule, akila kama karanga, nikifua nakuta vichwa. Nimecheka peke yangu gizani.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Naandika ndani ya gari, injini inawaka, mwandiko mbaya.

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Wavuvi wamevaa mashati ya pasi. Mzee Elias anasema hajaona hivyo tangu Krismasi, na hata Krismasi ni mpaka mvua isinyeshe. Wale vijana wa jana walisimama mbele, wameanzisha kikundi chao, Beata wamemchagua kiongozi. Alitetemeka akisoma somo, akalimaliza. Watoto wangu wakapiga vigelegele kanisani kwa watu! Hakuna aliyewakataza. Loveth alipiga ngoma mwanzo mpaka mwisho. Kisha akamshikisha Beata, mikono juu ya mikono, akamfundisha wimbo wa kutokea. Beata alikosea, akarudia, akapata.

Othmar kapiga simu, nikamsikilizisha ngoma. Nilisikia anapumua tu, na kuku nyuma yake.

Sasa tumepanda. Masweta yako mapajani, tunarudi kwenye baridi. Mama Luisa ametufungia usipa wakavu kwenye mfuko, kasema huo ni wa waliofagia.

Na Beata amekuja dirishani kwangu. Shikamoo mama. Akasema wao hawana ngoma. Akasema aliyekuwa akitengeneza hapa amekufa, mwanawe anajua mitumbwi tu. Kama ingewezekana wabaki nayo mpaka Krismasi, wakija Mbinga kutuimbia watairudisha. Kila asubuhi wataianika. Kisha akasema haraka: Loveth ametuambia ni ya nani, kwa hiyo ukikataa, mama, tutaelewa.

Mama Luisa yuko nyuma yake, anatazama ziwa makusudi, asinilazimishe.

Loveth amefunga macho, nadhani anasali, sijui anaomba nikubali au nikatae. Goodluck amemwambia dereva asubiri. Dereva anasema kona za milimani si za kupita usiku.

Ngoma iko mapajani, nimeifunga kitenge, nimeifungua, nimeifunga tena. Nimeweka viganja vyangu juu ya vile vya Dorah. Vyangu ni vikubwa kidogo. Magamba yanakwaruza.

Nimekitoa kitenge. Hiki nitabaki nacho.

Nimeshusha kioo chote. Beata amenyoosha mikono.

Haipiti dirishani. Itabidi nimwambie dereva afungue mlango.