Kina Shemdoe ni Wengi

Mama mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Goti linaendeleaje na baridi ya Rangwi? Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii. Barua hii nimeshaichana mara mbili.

Mzee Kelly, huyu ninayemhudumia hapa Ayalandi, amenipa kazi mpya: kumtafutia babu yake kabla hajamfuata. Vitabu vya ubatizo vya parokia yao vimepigwa picha, basi tukimaliza chai mimi nasoma kwenye kompyuta, yeye anabisha. Mama, kina Kelly huku ni kama kina Shemdoe huko, ukirusha jiwe umempata mmoja. Tena mtoto wa kwanza hupewa jina la babu, kama kwetu, kwa hiyo kila nyumba ina Patriki wa Yohana. Tulimpata mmoja, Mzee akalia, akamwombea misa. Wiki iliyofuata nikagundua kwamba wasimamizi wake wa ubatizo ni watu wa kijiji kingine kabisa. Hakuwa wake! Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Basi na yeye alikuwa anaihitaji," akasema. Tukaanza upya, safari hii tukifuata wasimamizi, maana mara nyingi huwa ni shangazi na wajomba. Juzi tumempata wa kweli.

Yeye ametulia. Mimi ndiye sikai mahali.

Yule Elia wa Bumbuli niliyekutajia, jina lake la ukoo nilikuficha. Ni Shemdoe, kama sisi. Nilijipa moyo kwamba wao Walutheri, sisi Wakatoliki, hatuhusiani. Sasa ameniambia babu yake alitokea Rangwi, akahamia Ulutheri alipooa. Na wazee wake wanataka kumtuma mshenga kwako mkishavuna viazi.

Najua ndugu za baba walikufukuza msibani kwake mimi nikiwa mgongoni. Kila nilipouliza ulisema, "Hao waache, kula." Nikala.

Kama kuwataja kunakuuma, usiwataje. Nenda tu parokiani, mwombe katekista afungue kitabu cha ubatizo, muutafute ukurasa wa baba, aupige picha anitumie kwa simu. Nenda mwenyewe, kwa sababu wewe unajua alizaliwa lini, wasije wakanipa Petro Shemdoe mwingine. Nataka jina la baba yake na la msimamizi wake. Naogopa, Mama. Nampenda Elia. Lakini Mzee Kelly alipokosea, ilikwenda misa moja. Mimi nikikosea, nitazaa na ndugu yangu.

Nisalimie mjomba Kostantini na mbao zake, na mama mdogo Tereza wa sokoni, mwambie matunda damu yake nayaota. Haya mengine usiwaambie.

Elia hupiga simu kila Jumapili wakitoka kanisani. Jumapili mbili sasa sijapokea.

Binti yako,
Anjela wa Petro.
Petro wa nani, Mama, nijibu upesi.