Godoro Langu Halihamii Heru Juu

Murubona,
Kasulu.
14 Juni 2025.

Mpendwa kaka Nduwayezu, musaza wanje,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, na wifi Ndayikunda, na watoto? Natumaini baridi ya huko ng'ambo haijawashinda. Mimi ni mzima, ukiacha mafua ya vumbi, na kazi yangu ya usafi pale zahanati inaendelea. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanikatiza maneno.

Jumamosi iliyopita baba mdogo Kipriani alikuja kutoka Heru Juu na bodaboda mbili, moja yake, nyingine ya kubeba godoro langu. Alisema umeamua pesa unayotuma iende nyumba moja tu, kwake, nami nirudi huko nilishwe. Nilikuwa nafua. Habari hiyo niliipokea nikiwa na povu mikononi.

Najua wazo hilo ulilitoa wapi. Ni ule mwezi wangu wa kwanza hapa, nilipokupigia nikilia. Nakubali, nilijiaibisha. Nilipata mshahara, laki na ishirini, nikalipa chumba elfu ishirini na tano, nikanunua kitanda cha mtumba, na siku hiyohiyo nikabeba unga, maharage, mafuta na chumvi vya mwezi mzima, kama mama alivyokuwa akirudi na mgao kule kambi ya wakimbizi. Mkaa haukunijia kichwani kabisa. Kambini kuni tulijiokotea na maji yalikuwa ya bure, nani aliwahi kutuandikia mkaa kwenye kadi ya mgao? Nikabaki nimekaa na maharage mabichi na mfuko mtupu.

Safina, jirani yangu mwenye duka, alicheka mpaka akashika mlango. "Dada, utayatafuna kama karanga?" Siku tatu alinipikia kwenye jiko lake, akanifundisha kwamba mjini unaanza na mkaa, chakula kinafuata.

Sasa nimezoea. Kodi na mkaa naviweka pembeni siku ya mshahara. Maharage nachemsha mara moja kwa siku tatu. Maji ni ndoo mbili, siku ya kufua nne. Nyama naipita buchani bila kuisalimia, nanunua dagaa. Ikifika tarehe ishirini na saba hivi hali inabana, nakula muhogo na chai ya rangi. Sikufichi.

Baba mdogo nilimkaribisha akala. Akaniuliza, "Mwana wanje, kula peke yako ni kula huko?" Nikamwambia ndiyo, nikamwongezea maharage. Alimaliza sahani. Bodaboda ya godoro ilirudi tupu, na nauli yake nililipa mimi, elfu nne, ndiyo ilikuwa ya dagaa. Simlaumu mzee. Magoti yanamsumbua, na paa la jikoni kwake linavuja.

Kwa hiyo pesa yote mtumie yeye. Mimi usinihesabu.

Kaka, wewe uliondoka kambini ukiwa na miaka kumi na tisa. Mimi nimelishwa kwa kadi mpaka thelathini na moja, halafu miaka minne nikalishwa na mama mdogo kule Heru Juu, na unajua sukari anaifungia wapi. Hakunitesa. Ila sijawahi kuulizwa nataka nini. Wiki jana nilinunua sukari robo kilo. Haja nayo sikuwa nayo, niliitaka tu. Nilikunywa chai tamu mlangoni kwangu na nilifurahi, kaka, nilifurahi mno.

Nisalimie wifi, na Esteri, na Fidele ambaye nasikia amekupita urefu. Safina anakusalimu ingawa hakujui. Mungu awape kazi zisizowavunja migongo, na awalinde nyote barabarani.

Ukinipigia, usiniulize nahama lini. Niulize leo nimepika nini.

Dada yako akupendaye,
Ndayikeza