Zamu ya Mwanawe Ilikuwa ya Mwisho

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie maana nyumbani siwezi kulisema hili, na saluni nikilisema litafika mtaa wa pili kabla sijamaliza kusuka kichwa kimoja. Mimi ni msusi, mume wangu ni fundi wa kuchomelea, na tunaishi na mama mkwe, mpishi mstaafu ambaye watoto wa mtaa wanamwita Bibi Ova kwa sababu ya redio yake, maana kila akimaliza kusema husema “ova”, yaani nimemaliza, zamu yako. Ni ile redio ya mkononi ya kubonyeza ndipo uongee, karibu kila nyumba mtaani inayo, na kila Jumamosi mama huziita nyumba moja moja kuhakikisha zinasikika, zenye wagonjwa na wazee kwanza, watu wa kujitolea wanaokwenda kuokoa mwisho kabisa, na mimi nilikuwa nacheka, nasema mama yuko kwenye mchezo wake.

Basi mto ukafurika mchana kweupe, simu zote zikafa, mume wangu akabeba redio yake akakimbilia darajani kuokoa watu, na mama akakaa mezani jikoni, redio kaiunga kwenye betri ya gari, akaanza: “Nyumba ya mshona viatu, mko salama? Ova.” Akijibiwa anasema, “Nimekupata,” anakwenda nyingine. Ghafla mtu akaingilia akasema daraja limekatika. Nikapiga kelele, “Mama, mwite mwanao!” Akaniambia, “Zamu yake bado.” Akaendelea kwa sauti ileile, kama anayeuliza nani hajapata chakula, na mkono wake usio na redio ukanibana kiganja nisimnyang'anye, kunibana hasa, mpaka kesho yake nilishindwa kushika kitana.

Nikanyamaza. Shangazi, mtaa wetu haunyamazi hata msibani, lakini siku hiyo wote walinyamaza, maana wakibonyeza wawili hasikiki hata mmoja, na katika ukimya ule tukasikia kisauti cha bibi mshona nguo kikisema maji yamemfika kifuani. Mama akasema, “Mwoka mikate, uko karibu naye, nenda.” Akaenda, akamtoa mzima. Mwisho wa wote ndipo mama akasema, “Fundi, upo? Ova.” Kimya. Akarudia. Tukasikia, “Nipo, mama. Ova.” Akasema, “Nimekupata,” akaniagiza nibandike chai.

Sasa masikio yake yamechoka, na mbele ya kikundi kizima cha kujitolea amesema redio nichukue mimi, anataka jibu Jumamosi. Namstaajabia mpaka namwogopa. Ni mama gani huyu mwenye moyo wa jiwe? Mimi ningeanza kumwita mume wangu, na yule bibi angezama akisubiri. Nifanyeje?

Msusi

*Shangazi anajibu:*

Msusi, ungekuwa karibu ningekufinya, kisha ningekukumbatia. Unaniambia mama mkwe ana moyo wa jiwe, na juu kidogo ya hapo unalalamika alikubana kiganja ukashindwa kushika kitana. Eti usimnyang'anye! Bibi wa umri ule, na wewe mwenye mikono ya kusuka kutwa, angekuweza kwa mkono mmoja? Mwanangu, alikuwa amekushikilia wewe asianguke. Hofu yote ya mama aliyesikia daraja limekatika iliishia kwenye kiganja chako, ili sauti ibaki safi kwa watu wa nje. Nilipofika hapo niliiweka barua chini kwanza.

Kwa hiyo usinidanganye kwamba huwezi kwa sababu unampenda mumeo. Yeye je, aliyemzaa? Tena umejisahau: ulipiga kelele mara moja, halafu ukanyamaza na mtaa mzima huku roho ikikutoka. Mama aliliona hilo, ndiyo maana amekutaja wewe.

Chukua redio. Jumamosi hii ziite nyumba mwenyewe, ujifunze kungoja jibu bila kujazia maneno kama saluni. Mwambie mumeo waziwazi kwamba ataitwa mwisho. Tafuta mtu wa kukupokea redio siku ikikushinda, wala hiyo si aibu. Na mvua zikirudi, mama akae kando yako, pale ulipokuwa wewe siku ile. Zamu ya fundi ikikaribia, tafuta kiganja cha mama ukibane. Hatakuuliza kwa nini.