Kwaya Yetu Haina Mikono

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijahama kanisa au sijahamwa na ndugu, maana mdogo wangu wa kiume ni fundi cherehani na ndiye anayetushonea majoho ya kwaya, na miaka yote anaishi nyuma ya duka lake na fundi redio mmoja mpole, nyumbani tunamwita "yule mwenzake" na hakuna anayeuliza zaidi, sasa Jumapili moja mchungaji akahubiri juu ya wanaume wanaoishi na wanaume, akakemea mpaka kipaza sauti kikalia, na watu wakaitikia Amina, ila yangu ndiyo iliyosikika kuliko zote kwa sababu mimi ni soprano, na mdogo wangu alikuwa benchi la mbele.

Kesho yake majoho yakaletwa hayana mikono. Nikampigia simu. Akasema, "Dada, mwenye sauti ile hawezi kukosa sindano ya kujishonea mikono."

Mshauri, askofu anakuja! Tulijaribu kuyavaa juu ya mashati yetu ya kawaida, mwalimu wa kwaya akafanana na kuku aliyenyonyolewa nusu, basi mwenyekiti wa akina mama akasema twende dukani tukambembeleze na papo hapo tumwombee, tukaenda, mwenyekiti akainua mikono juu kuanza sala, na mdogo wangu kwa mazoea akampitishia futi kwapani akaanza kumpima, tukacheka wote, yule mwenzake akatuletea viti na chai, mambo yakawa mazuri kabisa, mpaka mwenyekiti aliposema, "Tutafunga na kuomba ubadilike, mwanangu, ila tushonee kwanza."

Mdogo wangu akakunja futi. "Basi na mikono iombeeni, itaota."

Tangu hapo hapokei simu. Mume wangu anasema mafundisho ya kanisa yako wazi, nisikanyage pale dukani. Nifanyeje tupate mikono bila kumkosea Mungu?

Soprano mwenye mawazo

JIBU

Dada yangu, pole, nimecheka mpaka nikamwaga maji mezani. Halafu nikaisoma tena barua yako nikitafuta mahali ulipouliza mdogo wako ana hali gani. Sijapaona. Umemwulizia askofu, umeulizia majoho, hata kwapa la mwenyekiti nimelijua. Mtoto wa mama yako je?

Mafundisho ya kanisa lako siyatungi mimi, na mimi pia Jumapili nakaa benchini kama wewe. Mchungaji atajibu kwa mahubiri yake. Wewe utajibu kwa Amina yako, na usinidanganye kwamba ilikutoka kwa bahati mbaya: soprano anajua sauti yake inafika wapi. Na kwenye kwaya hiyo hiyo hakuna mwenye nyumba ndogo? Yeye mlifunga na kumwombea lini?

Mume wako mwambie unakwenda kwa ndugu yako, basi. Nenda peke yako. Usibebe Biblia kwapani wala kitambaa mkononi. Mwambie, "Nilikuumiza mbele za watu, nisamehe," kisha nyamaza, najua itakuwa kazi. Msalimie na mwenzake kwa jina lake. Chai yake mmeinywa, jina hamlijui! Neno "joho" lisikutoke hata akilitaja yeye. Askofu mwimbieni hivyo hivyo bila mikono, viwiko ameshaviona vingi maishani.

Mdogo wako akikufungia mlango, rudi keshokutwa. Na mwenyekiti abaki kwake.